Wasomaji Wanauliza: Mwigizaji wa Uingereza Kati ya Jukwaa na Kamera

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu waigizaji wa Uingereza wanaoimba kwenye tamthilia za muziki za London na kisha kuonekana kwenye filamu. Zilizouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

Ndugu Mhariri, mtu akiwa wa kwanza kucheza nafasi fulani jukwaani na mchezo ukavuma, si yeye atakayeitwa filamu ikitengenezwa? Mwenzangu anakataa katakata.

Mwenzako yuko sahihi. Kuianzisha nafasi hakukupi hatimiliki yake. Mfano mkubwa ni Julie Andrews. Machi 1956, akiwa na miaka 20, alianza kumcheza Eliza Doolittle katika My Fair Lady kule Broadway, na 1958 akaja kuicheza nafasi hiyohiyo Drury Lane, London. Warner Bros. walinunua haki za filamu kwa dola milioni 5.5, na mtu akishatoa fedha hizo hataki kubahatisha. Jack Warner akamchukua Audrey Hepburn, ambaye jina lake lilijulikana kila penye sinema. Rex Harrison na Stanley Holloway, waliokuwa jukwaani pamoja na Andrews, wakabaki na nafasi zao. Andrews akaenda Disney kucheza Mary Poppins. Filamu zote mbili zilitoka 1964, na Oscar ya mwigizaji bora wa kike ikaenda kwake. Hepburn hakuteuliwa hata kushindania. Alipopokea tuzo ya Golden Globe, Andrews alimshukuru Jack Warner kwa jina, na ukumbi mzima ukaelewa kijembe hicho.

Chanzo ni hesabu tu. Ukumbi wa viti 1,500 ukijaa mara nane kwa wiki, walioingia ni 12,000. Ukijaa hivyo wiki 52 bila kukosa, ni watu 624,000. Kwa mtayarishaji wa filamu, hao ni wachache mno kumfanya mtu aitwe nyota. Lipo pia suala la umri. Elaine Paige alifungua Evita akiwa mhusika mkuu pale Prince Edward Theatre Juni 1978; filamu ilitoka 1996, miaka 18 baadaye, na nafasi akapewa Madonna. Michael Crawford alifungua The Phantom of the Opera Oktoba 1986, akiwa mhusika mkuu mwenye barakoa. Filamu ilipotoka 2004 aliyevaa barakoa alikuwa Gerard Butler. Ukikaa safu ya nyuma ukumbini huoni mikunjo usoni pa mwigizaji. Kamera inaiona yote.

Waliovuka wapo, na inafaa kutazama walivyovuka. Tommy Steele alicheza Half a Sixpence jukwaani 1963 na filamu yake ikatoka 1967, yaani miaka minne tu, na tayari alikuwa mwimbaji mashuhuri wa rekodi. Ron Moody alimcheza Fagin wa Oliver! jukwaani 1960 na kwenye filamu 1968. Fagin ni mzee mwenye ndevu, kwa hiyo miaka minane haikumpunguzia kitu. Anayecheza wazee hakimbizwi na saa.

Kwenye filamu za nyimbo, wanaimba kweli au wanachezesha midomo tu?

Kwa desturi, wimbo hurekodiwa kwanza studio, kisha siku ya kupiga picha unachezwa kwenye spika na mwigizaji anaufuata kwa midomo. Sababu ni uhariri. Wimbo mmoja wa dakika tatu huenda ukapigwa picha mara 20 kutoka pembe sita. Kasi ikitofautiana hata kidogo kati ya pembe na pembe, vipande havitaungana. Ukifuata rekodi, kasi ni ileile daima.

Ubaya wake una pande mbili. Kwanza, uigizaji unafungwa mapema: ulivyoamua kuhema au kusita siku ile ya studio ndivyo utakavyohema na kusita miezi miwili baadaye, hata kama mwenzako wa mbele anakupa kitu kipya. Pili, mwili unaumbua. Anayechezesha midomo bila sauti, mishipa ya shingo yake haitokezi, kifua hakijai, na mtazamaji anahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja. Dawa yake ni kuimba kwa sauti kamili huku rekodi ikilia, ingawa hakuna atakayeisikia sauti hiyo.

Rex Harrison alikataa kabisa utaratibu huo kwenye My Fair Lady. Nyimbo zake alizisema nusu na kuziimba nusu, na hakuwahi kuzitoa sawasawa mara mbili. Asingeweza kujifuata mwenyewe. Wakamfichia maikrofoni isiyo na waya chini ya tai na kumrekodi palepale. Upande wa Hepburn, sehemu kubwa ya nyimbo zake iliimbwa na Marni Nixon, mwimbaji wa Marekani. Mambo hayo hayakuwa aibu ya mtu mmoja: katika filamu ya Oliver! ya 1968, sauti ya uimbaji ya mtoto Mark Lester ilikuwa ya Kathe Green, binti wa Johnny Green aliyesimamia muziki wa filamu hiyo.

Les Misérables ya 2012 iligeuza utaratibu. Waigizaji waliimba mbele ya kamera, kila mmoja akiwa na kisikilizio kidogo sikioni, na mpiga piano aliyekaa pembeni akawafuata kasi yao. Okestra ilirekodiwa baadaye, juu ya sauti zilizokwisha kupatikana. Hapo mwigizaji yuko huru kunyamaza kabla ya neno, lakini mafundi wanapata kazi ngumu: mlio wa nguo, viatu juu ya mbao, upepo, yote yanaingia pamoja na sauti. Sisi tunauona utaratibu huu unafaa zaidi kwa wimbo wa mtu mmoja anayelia moyoni kuliko ngoma ya watu 40. Umati ule ukiuachia kasi, hauungani tena.

Nimesikia wanafanya maonyesho nane kwa wiki. Siku yao inakwendaje?

Kwa kawaida ni jioni sita, Jumatatu hadi Jumamosi, pamoja na maonyesho mawili ya mchana, mara nyingi Jumatano au Alhamisi, na Jumamosi. Baadhi ya kumbi hufungua Jumapili na kupumzika siku nyingine.

Tuchukue onyesho la saa 1:30 usiku. Kabla yake kuna kupasha mwili na sauti, na kama mchezo una mapigano, kuyarudia kwa mwendo wa polepole kila siku, hata mwaka wa pili. Mwisho wa kufika ni ule wanaouita "nusu". Mgeni husikia neno hilo akadhani ni dakika 30 kabla ya pazia. Siyo. Ni dakika 35, kwa kuwa saa ya ukumbi inahesabia wito wa kuingia jukwaani, ambao ni dakika 5 kabla ya kuanza. Kwa hiyo "nusu" inaitwa saa 12:55 jioni, "robo" saa 1:10, "tano" saa 1:20, na wanaofungua onyesho huitwa saa 1:25. Asiyekuwapo "nusu" ikiitwa, msimamizi wa jukwaa anaanza kumwandaa wa akiba.

Maikrofoni nayo ina maandalizi yake. Huwekwa kwenye mstari wa nywele juu ya paji la uso au chini ya wigi, waya ukishuka mgongoni hadi kwenye kisambazi kilichofungwa kiunoni. Adui ni jasho: tone likiziba kitundu cha maikrofoni, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Dawa ya kunyunyizia nywele na vipodozi hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana wahusika wakuu wengi huvalishwa mbili, moja ya akiba, na kisambazi hufungwa ndani ya kondomu isiyo na mafuta ili jasho lisiingie. Wasomaji watatusamehe, lakini ndivyo kazi ilivyo.

Naomba kutofautishiwa: mwigizaji wa akiba, yule wa zamu na huyo wanayemwita swingi.

Wa akiba yuko kwenye mchezo kila usiku, pengine katika kundi la waimbaji, na amejifunza nafasi kubwa juu ya ile yake. Mkuu akiugua, yeye anapanda na mtu mwingine anaziba pengo lake. Wa zamu ana siku zake zilizoandikwa kwenye mkataba, tuseme maonyesho mawili kwa wiki, kwa kuwa nafasi ni nzito mno kwa koo moja. Christine wa The Phantom of the Opera ni nafasi ya aina hiyo.

Swingi ndiye tunayemvulia kofia. Hana nafasi yake jukwaani. Anakaa nyuma, akiwa amebeba kichwani nafasi sita, nane, kumi za watu wa kundi. Kila nafasi ina mpango wake: unaingilia upande gani, unabeba nini, unabadili vazi wapi na kwa sekunde ngapi, unaimba sauti ya ngapi, unasimama namba gani. Namba hizo si mfano wa maneno. Ukingo wa jukwaa huandikwa namba kuanzia sifuri katikati na kupanda kuelekea kila upande, na swingi huandika kwenye daftari lake: "beti ya pili, kushoto 4, safu ya nyuma". Kosa linaloumiza ni kukariri hatua bila kukariri njia ya kupita. Hatua moja ukikosea utachekwa kidogo, lakini ukipita njia isiyo yako utagongana na mtu anayekimbia gizani. Wakikosekana wawili na swingi yuko mmoja, nafasi mbili huunganishwa: anacheza yale yasiyoweza kuachwa kutoka kila moja, na nyimbo zilizobaki zinakwenda na mtu pungufu.

Pengo linaweza kutokea hata kabla ya onyesho la kwanza. Mwaka 1981, katika mazoezi ya Cats, Judi Dench alichanika kano ya kisigino, na Elaine Paige akaichukua nafasi ya Grizabella. Filamu ilipotengenezwa 2019, Dench akarudi, safari hii katika nafasi nyingine.

Binti yangu yuko Uingereza anasomea uimbaji na uigizaji. Ana usaili wa kwanza. Abebe nini, aepuke nini?

Abebe nota za nyimbo mbili zinazopingana, moja ya taratibu na moja ya kasi, kila moja ikiwa tayari kwa ukamilifu na pia ikiwa imekatwa hadi vipimo vya muziki 16 na 32. Vipimo 16 ni kama nusu dakika, kwa hiyo akate sehemu yenye mabadiliko, wala asiuanze wimbo mwanzo akakatizwa kabla haujafika popote. Nota ziwe za karatasi, kwenye faili la pete au zimegundishwa kama kitabu, katika ufunguo anaouimba kweli. Kumwomba mpiga piano asiyemjua ashushe ufunguo papo kwa papo ni kujitafutia ajali. Plastiki zinazong'aa aziache, kwa sababu taa ikiangaza juu yake mpiga piano haoni kitu. Mahali pa kuanzia, pa kuruka na pa kumalizia paonekane kwa kalamu nzito.

Kasi asiionyeshe kwa kumpigia mpiga piano vidole. Amwimbie kwa sauti ya chini mstari mmoja au miwili, amshukuru, kisha aende katikati ya chumba. Macho ayaweke juu kidogo ya vichwa vya wasaili: ukimkazia macho msaili mmoja unamlazimisha awe mwigizaji mwenzako, wakati anataka kuandika. Asiimbe wimbo wa mchezo wenyewe ila akiambiwa, wala wimbo unaoimbwa na kila mtu mwaka huo.

Kwa filamu, na siku hizi kwa tamthilia pia, hatua ya kwanza huwa video ya kujirekodi, na muda anaopewa huenda usizidi siku moja au mbili. Simu ailaze kwa upana. Picha ianzie kifuani hadi juu kidogo ya kichwa, nyuma yake pawe na ukuta mtupu wa kijivu au buluu. Taa mbili ziwekwe mbele, moja kila upande. Taa moja ya dari inatia vivuli chini ya macho na kumzeesha mtu. Anayemsomea mistari ya wahusika wengine akae bega kwa bega na kamera na asome chini kuliko yeye. Fokasi aifunge, la sivyo simu itaitafuta kila akisogea.

Nyimbo ndizo huharibu video nyingi. Simu hupandisha na kushusha sauti yenyewe, hivyo noti ya juu inapofika inakwaruza na baada yake muziki unazama. Asogee nyuma nusu hatua kwenye noti hizo, au atumie maikrofoni ya pembeni iliyoshushwa kidogo. Muziki wa kumsindikiza usimfunike.

Kubwa kuliko yote: asiupeleke uigizaji wa ukumbi mbele ya lenzi. Jukwaani wazo lazima lifike safu ya nyuma, kwa hiyo linapita mikononi na mabegani. Kwenye kamera linaishia machoni. Njia nzuri ya kujipima ni kurekodi mara ya kwanza kama kawaida, kisha mara ya pili kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye mbele yake hatua moja. Ya pili ndiyo mara nyingi hutumwa.

Wanailindaje sauti kwa mwaka mzima?

Kwa mambo ya kuchosha kuyasimulia. Maji siku nzima, si chupa nzima dakika tano kabla ya pazia, kwani maji ya kunywa hayagusi nyuzi za sauti. Yanazifikia kupitia mwili, na hilo huchukua muda. Mvuke wa maji ya moto kama dakika 10 ndio unaozifikia moja kwa moja. Kupasha sauti dakika 15 hadi 20, kwa kuanzia na kupuliza sauti kupitia mrija mwembamba, ambao hupunguza mgongano wa nyuzi. Baada ya onyesho, dakika 5 za kushusha.

Hasara nyingi hutokea nje ya jukwaa. Onyesho likiisha saa 4:15 usiku, mtu anakula saa tano na kulala saa sita. Tindikali inapanda kutoka tumboni na kuunguza koo, na asubuhi anadhani ameimba vibaya. Kunong'ona si kupumzisha sauti, maana kunaweza kuikaza zaidi, bora kunyamaza. Kusafisha koo kwa kukohoa ni kuzipigisha nyuzi, afadhali ameze funda la maji. Pipi za mentholi hutia ganzi, na koo lenye ganzi halikuambii unapojiumiza. Kukwaruza kwa sauti kukizidi wiki tatu, ni daktari wa koo mwenye kamera, si mwalimu wa kuimba. Hata tiba ina hatari zake: Julie Andrews alifanyiwa operesheni ya koo 1997 na hakurudi kuimba kama zamani.

Kwa nini wengi hutumia majina yasiyo yao? Na wakala wao hukata kiasi gani?

Chama chao, Equity, kilichoanzishwa 1930, hakiruhusu wanachama wawili kutumia jina moja la kazi. Ukikuta limeshachukuliwa, unabadili. Stewart Granger alizaliwa James Stewart, lakini tayari kulikuwa na Mmarekani maarufu mwenye jina hilo. Kwa hiyo anayeanza achunguze kabla hajachapisha picha zake na kujiorodhesha Spotlight, daftari la waigizaji lililopo tangu 1927.

Wakala kwa kawaida huchukua asilimia 10 hadi 15, na kama amesajiliwa kwa VAT, asilimia 20 ya ada hiyo huongezwa juu. Kwa kodi ya mapato, mwigizaji Uingereza kwa kawaida huhesabiwa kuwa amejiajiri: mwaka wa kodi unaishia 5 Aprili, na hesabu pamoja na malipo zinatakiwa zisipite 31 Januari inayofuata. Wengi hukwama hapo, maana pesa ya msimu mzuri imeshaliwa. Wenye akili hutenga robo ya kila malipo siku yanapoingia.

Mtu mwenye jina kwenye filamu anatafuta nini kwenye pantomime, ule mchezo wa vichekesho na nyimbo wa Krismasi?

Mshahara wa uhakika wa wiki kadhaa, na raha. Kazi si nyepesi, maonyesho mawili kwa siku ni kawaida. Ian McKellen, baada ya filamu zote zile, alivaa gauni la Widow Twankey, mama wa Aladdin, pale ukumbi wa Old Vic mwaka 2004.

Mwanangu anampenda Tom Holland. Ni kweli alianzia kwenye tamthilia ya muziki?

Ni kweli. Alizaliwa 1996, na 2008 aliingia Billy Elliot, tamthilia ya mvulana anayejifunza baleti, pale Victoria Palace, kwanza kama Michael, rafiki wa Billy, kisha mwaka huohuo akawa Billy mwenyewe hadi 2010. Filamu ya The Impossible ilifuata 2012, na Spider-Man 2016. Mirukio unayoiona kwenye filamu hizo ina mizizi katika miaka ile ya baleti na sarakasi.

Hakuicheza nafasi hiyo peke yake. Billy yuko jukwaani karibu muda wote, akicheza na kuimba, kwa hiyo watoto kadhaa hupokezana. Mchezo ulipofunguliwa 2005 walikuwa watatu, James Lomas, George Maguire na Liam Mower, na tuzo ya Olivier ya 2006 wakapewa wote kwa pamoja. Sheria nayo ina masharti yake: mtoto anayeigiza kwa kawaida huhitaji leseni kutoka halmashauri ya anakoishi, na mlezi aliyeidhinishwa asiyechunga zaidi ya watoto 12 kwa wakati mmoja. Akikosa shule kwa ajili ya kazi, apangiwe masomo ya muda wa saa tatu kwa kila siku ya shule. Kwa wavulana lipo jambo lisilozuilika na leseni yoyote: sauti ikivunjika au urefu ukizidi, nafasi imekwisha, hata kama ni katikati ya msimu, na mtoto anayefuata tayari yuko kwenye mazoezi.